Ndege Mpya, Rubani Yule Yule

Katika kurasa hizi wenzangu wameandika juu ya nidhamu, mapenzi ya shuleni na chakula cha bwalini. Mimi naomba ruhusa nitazame juu kidogo. Nataka tuzungumze juu ya ndege za mizigo na watu wanaozirusha.

Huenda ukacheka. Nakuru na mambo ya ndege wapi na wapi? Ndege tunaowajua sisi ni heroe wa ziwani, na ahadi ya uwanja mkubwa wa ndege tumeisikia tangu tujue kusikia. Lakini hebu jiulize, karo ya wangapi kati yetu inatoka kwenye maua? Kuanzia Naivasha kupitia Gilgil mpaka Njoro na Subukia, kuna maelfu ya wazazi wanaoamka alfajiri kwenda kukata waridi, kuzipanga kwa urefu na kuzifunga mashada. Mama yangu ni mmoja wao. Waridi likikatwa asubuhi huingizwa kwenye chumba cha baridi, jioni likapakiwa kwenye lori lenye jokofu, likapanda mteremko wa Mai Mahiu mpaka Uwanja wa Jomo Kenyatta. Kutoka hapo ni safari ya saa nane hivi usiku mpaka Uholanzi au Ubelgiji. Ndege isipoondoka, waridi ni takataka. Maua si mahindi, huwezi kuyaweka ghalani yangoje bei.

Kwa hiyo kila mara kampuni ya ndege za mizigo ikitangaza kwamba imeongeza ndege, huku kwetu watu hushangilia. Na magazeti hutoa picha kubwa ya ndege, imeoshwa ikang'aa, wakubwa wamesimama mbele yake wakikata utepe. Jambo ninalouliza ni hili: katika picha hizo, rubani yuko wapi? Ameongezwa wangapi? Au ni yule yule wa jana, aliyeongezewa safari?

Maoni yangu nitayasema wazi ili tusipotezeane wakati. Ndege haihesabiwi kuwa imenunuliwa mpaka watu wa kuirusha wamepatikana, wamefunzwa na wamepewa nafasi ya kulala. Kampuni inayoongeza ndege bila kuongeza marubani haijakua. Imenenepa tu.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Wengi wetu tunadhani rubani ni kama dereva wa matatu, kwamba ukijua kuendesha Nissan basi Toyota haikushindi. La hasha! Rubani hupewa ruhusa ya kurusha aina fulani ya ndege. Akihamishiwa aina nyingine, hana budi kurudi darasani, kisha aingie kwenye simuleta, yaani chumba kinachoigiza ndege kwa kila kitu hata mtikisiko, afundishwe upya na apimwe. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi na pesa nyingi. Zipo ndege chache zilizobuniwa kama mapacha, kwa mfano Boeing 757 na 767, ambapo anayejua moja hupita kwenye ya pili kwa mafunzo mafupi. Lakini hizo ni chache.

Sasa tazama kampuni ya Astral Aviation, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2000 na inayobeba mizigo tu. Kwa miaka hiyo imetumia ndege za kila namna: Fokker 27 zenye mapanga, DC-9, Boeing 727, Boeing 767, na hata Boeing 747 kubwa ya kukodi. Mtu wa nje ataona ni hadithi ya maendeleo, na ni kweli ni maendeleo. Nampongeza Mkenya yeyote anayeanza na ndege ndogo akafika kwenye ndege kubwa. Lakini mtu wa ndani ataona kwamba kila jina katika orodha ile ni shule mpya kwa rubani. Boeing 727 ilikuwa na viti vitatu vya kazi mbele: kapteni, rubani msaidizi na injinia wa safari, anayetazama mafuta na mitambo muda wote. Boeing 767 ina viti viwili. Yule injinia wa tatu kazi yake imefanywa na kompyuta. Ndege mpya imekuja, kiti kimoja kimeondoka. Hilo utepe hauonyeshi.

Hesabu nyingine ni ya tani. Fokker 27 hubeba tani 5 hivi. Boeing 747 ya mizigo hubeba zaidi ya tani 100. Maana yake, 747 moja hubeba mzigo wa Fokker zisizopungua 15. Fokker 15 zinataka marubani 30 wa kuondoka nazo kwa wakati mmoja, lakini 747 yaondoka na wawili, au watatu na zaidi safari ikiwa ndefu. Basi usiniambie kwamba tani zikiongezeka lazima kazi za marubani ziongezeke. Inawezekana kabisa shehena ipande mara dufu na vijana wenye leseni waendelee kukaa Wilson wakinywa chai na kungoja simu.

Na hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Kijana akimaliza masomo ya urubani hutoka na leseni ya biashara akiwa ameruka saa 200 hivi. Masomo hayo hugharimu mamilioni ya shilingi. Wengine wazazi wameuza shamba. Lakini leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa, inataka saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 kuna bonde kuliko hili letu la Ufa. Utazipata wapi hizo saa 1,300, ikiwa kila kampuni inataka mwenye saa tayari? Ni kama kumwambia mtoto hataingia majini mpaka ajue kuogelea.

Zamani daraja la kuvukia bonde hilo lilikuwa mizigo midogo. Kijana alianza na Cessna Caravan yenye injini moja, akabeba dawa, unga na vipuri kwenda Somalia au Sudan. Wazee wetu wa Turkana wanakumbuka Lokichoggio. Kuanzia 1989, misaada ya Umoja wa Mataifa kwa Sudan ya kusini ilipitia pale, na kijiji cha jangwani kikawa na ndege za mizigo kila siku. Marubani wengi walipata saa zao pale. Kisha mkataba wa amani ulipotiwa sahihi mwaka 2005, shughuli zikahamia Juba, na Lokichoggio ikanyamaza. Ndege ziliruka zikaenda kwingine kwa siku moja. Mtu haruki hivyo. Ana familia, ana mkopo, ana leseni inayokufa asipoitumia.

Wala daraja hilo halikuwa la bure. Tarehe 2 Julai 2014, kabla ya mapambazuko, Fokker 50 iliyobeba miraa kwenda Mogadishu ilianguka Nairobi mara tu baada ya kuruka. Wote wanne waliokuwemo walikufa. Tarehe 4 Mei 2020, ndege nyingine ya Kenya iliyopeleka vifaa vya kupambana na korona ilidunguliwa ikikaribia kutua Berdale, Somalia. Watu 6 wakafa. Tunaposema "shehena imefika", tukumbuke kuna waliozifikisha na kuna ambao hawakufika.

Katika mjadala wa darasa letu, mwenzangu mmoja alinipinga vikali, na hoja yake ni nzito, siwezi kuiruka. Alisema hivi: "Wewe unawalilia marubani? Rubani mmoja analipwa kwa mwezi pesa ambazo mama wa Karagita hazioni kwa miaka. Na wakikasirika wanagoma, maua yanaoza, anayelala njaa ni yule mama. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Darasa zima likapiga makofi, na mimi nikaandika hoja hiyo daftarini.

Ni kweli marubani wa mashirika makubwa wanalipwa vizuri. Ni kweli pia kwamba wanapogoma nchi huumia. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kupitia chama chao, KALPA. Maelfu ya abiria wakakwama, na mahakama ikawaamuru warudi kazini siku chache baadaye. Watu wengi waliwatukana. Lakini wangapi waliuliza walichokuwa wanadai? Dai mojawapo kubwa lilikuwa michango ya hazina yao ya uzeeni irudishwe, ile iliyosimamishwa wakati wa korona. Sisemi mgomo ulikuwa mzuri. Nasema mtu anayedai akiba ya uzee si mtu aliyelewa shibe.

Tena tukumbuke historia ya shirika hilo, maana ni somo kwa kila anayeongeza ndege. Mnamo 2012 Kenya Airways ilikuwa na mpango mkubwa wa miaka kumi ulioitwa Mawingu: ndege ziongezeke mpaka zipite 100, za abiria na za mizigo. Zikaletwa Boeing 777, na mwaka 2014 zikaanza kufika 787. Marubani wakafunzwa. Kisha mambo yakaenda mrama: katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 shirika likapata hasara ya shilingi bilioni 25.7. Ndege nyingine zikakodishwa kwa mashirika ya nje, zikiwemo 777 zilizokwenda Uturuki. Mwaka 2016 likatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 600. Baadhi ya marubani wakaenda zao Ghuba, wakawa wanawarushia wengine. Gharama ya kuwafunza ililipwa hapa, matunda yakaliwa kule. Ndege ya kukodi ukiikosa leo utaipata kesho, lakini kapteni mwenye miaka 15 ya kazi akishaondoka, utamngoja miaka 15 mingine.

Sasa nimjibu mwenzangu juu ya mama wa Karagita. Mimi mama yangu ni huyo huyo anayemtaja. Mwaka 2020 korona ilipofunga anga, mimi nikiwa shule ya msingi, aliambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Maua yalimwagwa kwa malori. Soko la Ulaya lilikuwa limelala, na ndege za abiria, ambazo hubeba maua mengi tumboni mwake, zilikuwa zimesimama. Wakati huo huo marubani nao walikaa nyumbani, wengine wakapoteza kazi. Nilichojifunza ni kwamba mkono unaokata ua na mkono unaoshika usukani uko kwenye kamba moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukisema tuwaache marubani wajitetee wenyewe kwa kuwa wana pesa, tutakuwa tunakata kamba tuliyoning'inia sote.

Jambo lingine ni usingizi. Maua husafiri usiku. Kazi ya rubani wa mizigo kwa hiyo ni ya popo: anaamka sisi tukienda prepu, anatua wengine wakinywa chai ya asubuhi. Wiki za kabla ya Februari 14, Siku ya Wapendanao, na wakati wa sikukuu za akina mama kule Ulaya, safari hufuatana kama siafu. Ndege ikiongezwa na rubani asiongezwe, huyu mmoja ndiye ataziba pengo. Uchovu hauna cheo. Huko Marekani, tarehe 14 Agosti 2013, ndege ya mizigo aina ya Airbus A300 ilianguka alfajiri ikikaribia kutua Birmingham, Alabama, na marubani wote wawili wakafa. Wachunguzi walitaja uchovu miongoni mwa sababu, na sauti zilizohifadhiwa zilionyesha kwamba wenyewe walikuwa wamezungumza juu ya uhaba wa mapumziko. La kusikitisha zaidi, sheria mpya ya mapumziko ya marubani iliyoanza kazi huko Januari 2014 iliwahusu wa abiria na kuwaacha wa mizigo nje. Kana kwamba anayebeba watu huchoka na anayebeba masanduku hachoki!

Isitoshe, viwanja vyetu si vya mchezo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Uwanja wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997, uko juu ya mita 2,100. Mwalimu wetu wa fizikia atawaambia kwamba hewa ya juu ni nyepesi. Bawa hupata nguvu kidogo, injini nayo hupungukiwa. Ndege nzito hapa hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, au hupunguziwa mzigo, na joto la mchana likizidi hali huwa mbaya zaidi. Mwenye kupiga hesabu hiyo ni rubani. Anayetaka sanduku moja zaidi lipakiwe ni mwenye mzigo. Mnataka rubani wa kusema "hapana" awe amelala saa ngapi usiku uliopita?

Basi tufanyeje? Nisije nikawa kama yule anayelalamika mvua bila kutega pipa. Nina mapendekezo manne.

La kwanza, kampuni ikitangaza ndege mpya, itangaze pia imeajiri marubani wangapi. Ndege inayoruka usiku na mchana haitoshelezwi na marubani wawili. Inataka makundi manne au matano ya kupokezana. Waandishi wa habari wajifunze kuuliza swali hilo kabla ya kupiga picha ya utepe.

La pili, kila kampuni inayoleta ndege kubwa ichukue vijana kadhaa wenye saa 200 iwalee. Iwaanzishe kwenye ndege zake ndogo, iwapandishe hatua kwa hatua. Ikiwafunga kwa mkataba wa miaka kadhaa ili wasikimbilie Ghuba siku ya pili, sioni ubaya, mradi mkataba uwe wa haki na usigeuke pingu. Majirani zetu wa Ethiopia wana chuo chao ndani ya shirika lao, na leo shirika hilo ndilo kubwa barani Afrika, kwa abiria na kwa mizigo. Hawakungoja marubani waanguke kutoka mbinguni.

La tatu, ndege za kukodi pamoja na marubani wake wa kigeni ziwe dawa ya dharura, si chakula cha kila siku. Msimu wa waridi ukizidi, sawa, kodi. Lakini kampuni ikikodi hivyo mwaka baada ya mwaka, jina lililoandikwa ubavuni litakuwa letu na kazi iliyo ndani itakuwa ya wengine.

La nne ni la serikali na wazee wa kaunti yetu. Mkulima mdogo wa Bahati hawezi kulipa mamilioni ya masomo ya urubani hata akiuza ng'ombe wote. Tukiacha mambo yalivyo, urubani utabaki kuwa urithi wa watoto wa matajiri, na wenye vipaji wataishia kutazama ndege kupitia dirisha la darasa. Naomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kampuni za ndege na kampuni za maua zichange pamoja, hata kama ni nafasi chache tu kwa mwaka. Maua yanayoinuliwa na ndege yanaweza kumwinua na kijana mmoja wa Molo.

Na sisi wanafunzi je? Tusikae tukingoja. Fizikia, hesabu na jiografia si adhabu. Wasichana wenzangu nao wasidanganywe kwamba hii ni kazi ya wanaume. Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways, Mkenya kama sisi, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787, na hiyo ilikuwa mwaka 2014. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha angani sharti akae chini asome.

Naomba nieleweke vizuri. Sipingi ndege kuongezwa. Ziongezwe, tena ziwe nyingi, maana kila nafasi ya mzigo inayokosekana Nairobi ni mashada yanayotupwa Naivasha. Ninachopinga ni hesabu inayohesabu mabawa na kusahau vichwa. Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawakutuambia chombo huendaje nahodha akiwa mmoja, hajalala siku mbili, na vyombo vimekuwa vitatu. Nadhani hawakuona haja ya kusema, maana jambo hilo hata mtoto analijua.

Mwenzangu aliyenipinga bado ananidai jibu la ana kwa ana, na mimi bado namdai kura yake. Mjadala wa chama muhula ujao uko wazi kwa wote. Njooni na hoja, matusi muyaache bwenini.